Shajara ya mradi: breki za DT175, kutoka dramu hadi diski

Pikipiki ni Yamaha DT175 ya zamani, ile yenye shokapu moja nyuma: injini ya mipigo miwili, sentimita za ujazo 171, rimu ya mbele inchi 21 na ya nyuma inchi 18, umeme wa volti 6, dramu mbele na dramu nyuma. Njia yake ya kila wiki ni Lushoto hadi Mombo kupitia Soni, mkoani Tanga, kama kilomita 33, kutoka mwinuko wa karibu mita 1,400 hadi mita mia nne na ushee. Lami ni nyembamba na kona zinafuatana. Kabla ya kuifikia lami kuna kipande cha udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka sabuni.

Injini ya mipigo miwili haikushiki ukifunga mafuta kama inavyokushika ya mipigo minne. Na hata kile kidogo inachoshika si cha kukitegemea. Pampu ya oili ya DT inafuata kishikio cha mafuta, kwa hiyo ukiteremka muda mrefu umefunga huku injini inazunguka kwa kasi, pistoni inapata oili pungufu. Mpandaji analazimika kufungua mafuta kidogo kila mara ili pistoni ilowe, na kazi yote ya kuzuia inabaki kwa breki.

Kazi imegawanywa mara mbili: kwanza dramu irudishwe ilivyokusudiwa kiwandani na ipimwe, ndipo ije diski ya mbele. Hatua ya kwanza huonekana kupoteza muda, lakini anayeiruka huishia kulinganisha diski mpya na dramu iliyokufa, kisha asijue alichokinunua. Dramu ya nyuma inabaki.

Jumamosi ya 1: kipimo kabla ya kugusa spana

Kipimo chetu ni mizani mbili za kuning'iniza, zile za kupimia mabegi. Gurudumu la mbele limeinuliwa juu. Mizani moja imefungwa kwenye mkono wa breki, sentimita 2 kutoka nchani. Ya pili imefungwa kwa mkanda kwenye tairi ili ivute kuufuata mzunguko wake. Mtu mmoja anavuta mkono wa breki hadi kilo 3 na kushikilia hapo, mwingine anavuta tairi taratibu hadi gurudumu lianze kuteleza. Kilo zinazosomeka wakati linateleza ndizo tunazoandika. Kipimo hiki hakikwambii pikipiki itasimama baada ya mita ngapi, ila kinalinganisha jana na leo bila kutegemea hisia za kidole.

Kabla ya kazi: kilo 8. Na mkono wa breki unakaribia kugusa usukani.

Jumamosi ya 1, mchana: dramu ya mbele

Gurudumu limetoka. Shuu (vipande vya nusu duara vinavyobana dramu kwa ndani) za zamani za umri huu zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo hakuna kupuliza vumbi kwa kompresa. Maji yenye sabuni, brashi laini, na tambara la kutupa.

Yaliyokutwa ndani: lainingi (tabaka la msuguano juu ya shuu) zina milimita 2.6 katikati na 3.1 pembeni, uso unang'aa kama kioo, na mdomo wa paneli, kile kifuniko kinachobeba shuu, una mafuta. Mafuta hayo yanatoka kwenye sili ya gia ya spidomita. Sili ikichoka, grisi ya ekseli hupata njia ya kuingia kwenye dramu. Lainingi iliyokunywa grisi haioshwi ikapona. Ukiiosha kwa petroli itaonekana kavu, kisha ikipata moto grisi inarudi juu. Shuu hizi zinatupwa, hata kama unene bado umezidi milimita 2 ambayo ndiyo kikomo cha kawaida.

Dramu imepimwa kwa venia (kipimio cha milimita) pande tatu. Tofauti kati ya upande mpana na mwembamba ni milimita 0.35, yaani dramu ni yai. Sababu ilionekana kwa kugonga spoku kwa bisibisi: nyingine zinalia, nyingine zinatoa sauti ya mti. Spoku zilizokazwa bila usawa huvuta habu hadi duara linapotea. Ndiyo maana mkono wa breki ulikuwa ukidunda kila mzunguko. Kulegeza zote nusu mzunguko, kunyoosha rimu, kisha kukaza upya robo kwa robo kulishusha tofauti hadi milimita 0.15. Mtu akikimbilia kuchonga dramu kwenye lezi (mashine ya kuchongea chuma) kabla ya kunyoosha spoku, anachonga yai lingine: siku spoku zitakapokazwa vizuri, duara jipya litaharibika tena. Na kuchonga gurudumu likiwa na spoku zake kunataka lezi yenye nafasi ya zaidi ya sentimita 60, kwa sababu rimu ya inchi 21 lazima izunguke bila kugonga. Hapa hatukuchonga.

Shuu mpya hazikuingia moja kwa moja. Dramu ilichorwa mistari ya chaki ndani, shuu zikafungwa, breki ikabanwa mara tatu huku gurudumu likisukumwa kwa mkono, kisha vikafunguliwa tena. Chaki ilihamia kwenye lainingi katikati tu, kwa upana wa vidole viwili. Kwingine kote lainingi ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye boksi. Shuu nyingi za bei nafuu ziko hivyo: mpindo wake ni mdogo kuliko wa dramu, kwa hiyo katikati hugusa na ncha zinaning'inia hewani. Anayezifunga na kuondoka atasubiri kilomita elfu moja ndipo breki ikae sawa, na nyingine huungua katikati kabla ya kufika huko.

Dawa yake ni msasa namba 80 uliokatwa upana wa dramu na kubandikwa ndani kwa gundi ya mpira. Paneli yenye shuu inaingizwa, breki inabanwa kidogo, na paneli inazungushwa kwa mkono kwenda na kurudi. Kila mizunguko kumi fungua uangalie. Unene wa msasa, karibu milimita 1, unafanya mpindo utoke mdogo kidogo kuliko wa dramu yenyewe. Kwa hiyo mwishoni msasa unabanduliwa, gundi inasafishwa kabisa, na kipimo cha chaki kinarudiwa, kikisaidiwa na msasa mwembamba mahali panapogusa sana. Tulisimama chaki ilipofunika kama robo tatu ya kila shuu. Ncha ya mbele ya kila lainingi, ile inayokutana na dramu kwanza, ikapigwa tupa kwa mlalo wa kama milimita 4. Ncha kali hung'ata, na breki hulia au kushika kwa kushtuka.

Kamu, ile inayogeuka kuzitanua shuu, ilikuwa kavu na ina kutu. Imesafishwa, ikapakwa grisi ya joto kali, nyembamba tu, kwenye shina na kwenye nyuso mbili zinazosukuma shuu. Grisi nyingi hapa ni kosa lile lile la sili ya spidomita kwa mlango mwingine.

Wenzo wa kamu, ule unaovutwa na waya, tulioukuta ulikuwa umeshahamishwa jino moja kwenye shina lake. Kuna sababu ya kulisema hili kwa ukali. Shuu zikiisha, wenzo hulala kupita pembe mraba na waya, na mvuto hupungua. Fundi anauchomoa, anausogeza jino moja, mkono wa breki unarudi kuwa mfupi na mteja anafurahi. Kilichotokea ni kwamba alama ya kuonyesha shuu zimeisha imeuawa. Mbaya zaidi, kamu sasa inageuka sana kuliko ilivyokusudiwa, na siku moja inaweza kupinduka kupita ukingo wake na kukataa kurudi. Gurudumu la mbele linafunga, na halifunguki ukiachia. Wenzo umerudishwa kwenye alama ya nukta. Kwa shuu mpya, breki ikishika, pembe kati ya wenzo na waya ni nyuzi 90 au chini yake kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Waya mpya. Wa zamani haukukatika, lakini ganda lake lilikuwa likijikunja na kufupika kila breki inapobanwa. Shika ganda kwa vidole wakati mwenzako anavuta, utalisikia likitembea. Sehemu kubwa ya safari ya mkono wa breki iliishia hapo. Waya mpya umepitishwa bila kona kali.

Jambo la mwisho ni kuweka paneli katikati. Ulimi wa mguu wa shokapu ya mbele lazima uwe ndani ya mfereji wa paneli. Ukiwa nje, breki ya kwanza itaizungusha paneli nzima, na mpandaji ataruka. Kisha nati ya ekseli inaachwa imelegea, gurudumu linasukumwa, breki inabanwa kwa nguvu na kushikiliwa, na nati inakazwa breki ikiwa bado imeshikwa. Shuu zenyewe zinaipeleka paneli katikati ya dramu. Sekunde thelathini, bila spea yoyote. Mchezo nchani mwa mkono wa breki umewekwa milimita 25.

Kipimo: kilo 17. Mara mbili ya asubuhi na zaidi, kwa shuu, sili na waya.

Jumapili ya 1: mteremko

Hadi Soni breki ni nzuri. Chini ya Soni mkono wa breki unaanza kwenda mbali, na kila kona unaenda mbali zaidi. Mafuta ya breki hayahusiki, maana kwenye dramu ya waya hayapo. Hewa pia haihusiki. Dramu ikipata joto hupanuka na kuzikimbia shuu, na lainingi yenyewe ikichemka hupoteza mng'ato. Ukisimama dakika kumi inarudi. Pia baada ya kuvuka kijito cha juu, maji yalibaki ndani ya dramu, na breki ikawa haipo hadi ilipokokotwa mita kama hamsini ikiwa imebanwa kidogo ili ikauke.

Haya mawili fundi hayaondoi kwa spana. Ndiyo kazi ya diski: chuma kiko hewani, kinapoa, kinajifuta maji chenyewe, na kikipanuka hakikimbii pedi.

Jumamosi ya 2: sehemu ya mbele ya kuhamishia

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubakiza shokapu za DT na kutafuta habu yenye diski, kisha kuchomelea masikio ya kalipa (kibano kinachobeba pedi) kwenye mguu wa shokapu. Hapana. Mguu huo ni aluminiamu ya kumimina. Ukiuchomelea unapinda, shokapu inakwama, na sehemu iliyopata joto inakuwa laini hasa pale ambapo kalipa itakuwa inang'ang'ana kuing'oa. Njia ya pili ni kuchukua kila kitu kutoka pikipiki moja: shokapu, vibano vyake vya juu na chini, gurudumu, ekseli, spesa, diski, kalipa, hozi na masta (pampu ya mafuta ya breki kwenye usukani). Vimeundwa kukaa pamoja. Tatizo linabaki moja tu, shina la usukani, na hilo linatatulika.

Mzigo uliopatikana umetoka kwenye pikipiki ya vumbi ya cc 200 iliyogongwa kwa nyuma. Rimu ni inchi 21 vilevile. Ukaguzi kabla ya kulipa: mirija ya shokapu imebiringishwa juu ya kioo cha dirisha, haina mpindo; diski ina unene wa milimita 3.4 na kikomo kilichopigwa chapa juu yake ni 3.0, kipenyo milimita 240, kalipa ni ya kuteleza, pistoni mbili za milimita 27 upande mmoja. Masta imeandikwa 14 ubavuni. Namba hiyo ina hadithi yake, inakuja.

Kama vipimo vya diski vimefutika, usinunue kwa macho. Pitisha kucha kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukikuta ngazi inayoshika kucha, pima kwa venia ndani ya ngazi, siyo ukingoni.

Shina la usukani: la mzigo mpya ni fupi kwa milimita 9 na nyuso za beringi ni nyembamba kuliko za fremu ya DT. Tumelisukuma nje kwa presi, tukalisukuma nje pia shina la DT kutoka kibano chake, na shina la DT likaingia kwenye kibano kipya kwa bushi ya chuma iliyochongwa lezi. Mbano ni milimita 0.04: bushi ni nene kuliko tundu kwa kiasi hicho, kibano kikapashwa joto kidogo na shina likaingia kwa presi. Fundi lezi alitaka kuiachia ipite kwa mkono kisha aizungushie moto wa kuchomelea. Hilo halikukubaliwa. Shina la usukani likiteleza, hakuna breki itakayokuokoa.

Shokapu mpya ni ndefu kwa milimita 35. Ukiziacha, pua inainuka, usukani unakuwa mzito kuitika na pikipiki inataka kwenda moja kwa moja konani. Mirija imepandishwa ndani ya vibano milimita 25. Usikubali kipimo hicho kabla ya kutoa springi, kuangusha shokapu hadi mwisho na kuhakikisha tairi haigusi madigadi wala kibano cha chini. Hapa ilibaki nafasi ya milimita 18, basi inatosha. Usukani umegeuzwa hadi mwisho pande zote: mguu wa kushoto uligusa tenki, kwa hiyo kizuizi kimeongezewa milimita 4.

Jumamosi ya 3: masta, na kosa la mkono mgumu

Kila kitu kimefungwa, mafuta yametiwa, hewa imetoka. Mkono wa breki ukawa mgumu kama mti. Kila aliyepita karakana aliubana akasema breki sasa imekubali. Mizani ikasema kilo 27.

Ni nyingi kuliko 17, lakini ni kidogo kwa diski ya milimita 240. Sababu iko kwenye namba 14. Hesabu ni ya darasa la saba: eneo la pistoni mbili za milimita 27 ni milimita za mraba 1,145. Eneo la masta ya 14 ni 154. Gawanya: 7.4. Nguvu ya kidole, baada ya kuzidishwa na mkono wa breki, inazidishwa tena mara 7.4. Kwa masta ya 12.7, ile inayoandikwa nusu inchi, eneo ni 127 na uzidisho ni 9. Kwa ya 11, eneo ni 95 na uzidisho ni 12.

Kwa hiyo masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa safari fupi, mkono unahisi mgumu, na nguvu kwenye pedi ni ndogo. Ugumu wa mkono ni kipimo cha safari, si cha nguvu. Breki yenye hewa ni laini na dhaifu, ndiyo maana watu wameamini laini ni mbaya siku zote.

Gharama ya masta ndogo ni safari. Tuseme pedi zote pamoja na kunyumbuka kwa hozi zinahitaji pistoni zitembee milimita 0.3. Hizo ni kama milimita za ujazo 344 za mafuta. Masta ya 14 inazitoa kwa kusogea 2.2, ya 12.7 kwa 2.7, ya 11 kwa 3.6. Zidisha na uwiano wa mkono wa breki, takriban 5.5, unapata nchani milimita 12, 15 na 20. Ishirini inatisha, hasa ukikumbuka kwamba diski iliyopinda kidogo itazirudisha pedi nyuma na kuongeza safari. Tumechagua 12.7, na hozi ya mpira imebadilishwa kwa iliyosukwa kwa nyaya za chuma ili mafuta yaende kwenye pedi badala ya kuivimbisha hozi.

Mizani: kilo 33. Mkono umekuwa laini kidogo, na waliopita karakana hawakuupenda.

Jumamosi ya 3, jioni: kutoa hewa

Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 4. Yakiwa makavu, kiwango kinadai yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwa mteremko wa kilomita 33, tofauti hiyo ya nyuzi 15 baada ya kunyonya maji ina maana. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa rafuni haitumiki. Na oili ya injini, ya gia au ya stering haiingii humu hata tone: mpira wa sili huvimba, pistoni hukwama, na kila chenye mpira, hozi ikiwemo, lazima kibadilishwe.

Kuanzia juu kulichosha: kubana, kufungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa), kufunga, kuachia, mara arobaini, na bado mkono ni sponji. Masta tupu haina nguvu ya kusukuma hewa kwenda chini, maana hewa inataka kupanda. Tukageuza. Sirinji ya mililita 60 yenye mrija ikajazwa DOT 4, mrija ukavishwa kwenye nipeli ya kalipa, nipeli ikafunguliwa robo, na mafuta yakasukumwa polepole kwenda juu hadi kikombe cha masta. Mapovu yakatoka yenyewe. Mtu mmoja awe juu akichota, kwa sababu DOT 4 ikifurika inakula rangi ya tenki.

Povu la mwisho hujificha kwenye bolti ya banjo pale masta inapokutana na hozi, hasa masta ikilala vibaya. Usukani uligeuzwa kushoto hadi mdomo wa kikombe ukawa ndio juu kuliko vyote, bolti ikagongwa kwa mpini wa bisibisi, mkono ukabanwa kwa milimita chache tu, mara nyingi. Povu dogo kama punje ya mtama likapanda kwenye kile kitundu cha chini ya kikombe, likapasuka. Mkono ukabadilika papo hapo. Kisha ukafungwa na mpira wa tairi la ndani ukiwa umebanwa, usiku kucha.

Kukaza: bolti za banjo kama Nm (nyutonimita) 30 na washa za shaba mpya kila upande, bolti za kalipa za M8 kama Nm 26. Washa za shaba za zamani zilishakandamizwa na ugumu wake umeongezeka, zinavuja.

Jumapili ya 3: breki inayojibana

Baada ya kilomita 6 za kushuka, mkono ulizidi kuwa mfupi, kisha gurudumu la mbele likaanza kushika lenyewe. Pikipiki ikasimamishwa, diski ikanuka. Baada ya kupoa, ikaachia.

Karibu kila mtu hapa hufungua kalipa. Kosa lilikuwa juu. Mkono wa breki uliokuja na masta ya 12.7 una skrubu ndogo inayosukuma pistoni ya masta, na ilikuwa imekazwa ndani kupita kiasi ili kuondoa mchezo wote. Ndani ya masta kuna kitundu chembamba kuliko sindano ya kushonea, kinachoruhusu mafuta yaliyopanuka kwa joto kurudi kwenye kikombe. Pistoni isiporudi kabisa, sili yake inakifunika. Mafuta yanapata joto, yanapanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi, pedi zinaleta joto zaidi.

Skrubu imelegezwa hadi mkono una mchezo unaosikika, milimita 3 hivi nchani. Uhakika: fungua kikombe, bana mkono kidogo sana, utaona mafuta yanarushwa kama chemchemi ndogo. Usipoiona, kitundu kimefunikwa au kimeziba.

Kwa kuwa kalipa ilishapata moto, pini zake za kuteleza zimechomolewa. Moja ilikuwa na grisi ya kawaida na mpira wake umevimba. Grisi ya silikoni tu kwenye pini hizi. Mpindo wa diski umepimwa kwa waya mgumu uliofungwa kwenye mguu wa shokapu na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): milimita 0.15, chini ya 0.3 ambayo watengenezaji wengi huiweka kuwa kikomo.

Jumamosi ya 4: dramu ya nyuma

Haikuchukua muda. Shuu, kamu na chaki kama mbele. Viwili vya nyuma peke yake: fimbo ya breki hurekebishwa mpandaji akiwa amekaa, kwa sababu mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu, ukipanda na kushuka fimbo inavutika au kulegea, na ukiirekebisha pikipiki ikiwa juu ya stendi unaweza kukuta inajibana ikipata abiria. Na kila unapokaza mnyororo gurudumu linarudi nyuma, basi mchezo wa pedeli uangaliwe tena. Pini ya kupasua kwenye nati ya ule upao unaozuia paneli isizunguke ilikuwa msumari. Imewekwa pini.

Swichi ya taa ya breki ya masta mpya imeunganishwa kwenye waya wa volti 6 wa zamani, inafanya kazi.

Kulaza pedi na hali ya sasa

Pedi mpya hazipimwi siku ya kwanza. Mara 25 kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa na bila kufunga gurudumu, kukiwa na nafasi ya nusu kilomita ya kupoa kati ya kila mara. Ukisimama kabisa na kushikilia pedi kwenye diski ya moto, nyenzo ya pedi inaganda mahali pamoja na breki inabaki ikidunda.

Baada ya hapo mizani ilisoma kilo 36 kwa zile kilo 3 za mkono. Mteremko wote hadi Mombo: mkono haukusogea hata kidole, vidole viwili vinatosha. Pua sasa inadidimia sana breki ikibanwa, kwa hiyo spesa ya milimita 10 imeongezwa juu ya springi za shokapu, na oili nzito kidogo itafuata.

Vilivyobaki: waya wa spidomita (gia ya habu mpya ina mdomo tofauti, kwa sasa spidomita imekufa), na kinga ya hozi pale inapopita karibu na tairi. Bolti za diski zitakaguliwa kilomita 200 zikifika. Pedi zina milimita 4.1, zitapimwa tena kwenye kilomita 1,000.